Mashahidi Watatu wa Rutayisire

Mwalimu Benon alikuwa mtu wa majibu. Kila Jumatano jioni, katika kanisa lao la Kagugu, alifundisha darasa la watu wanaotaka kujua kama Injili ni habari zilizotokea kweli au ni ngano za watu wa kale. Wanafunzi wake walitania kwamba Tomaso mwenyewe angehudhuria mara mbili tu, ya tatu angeomba msamaha. Mchana alikaa kwenye chumba chake cha fotokopi ng'ambo ya soko la Kimironko, akinakili vyeti na kuwaandikia barua wasiojua kuandika, na huko nako alijibu. Ulikuwa huwezi kutoa nakala ya kitambulisho bila kuondoka na habari za mtume Paulo.

Swali moja tu lilimshinda, na kwa kuwa lilikuwa la nyumbani kwake, watu waliliacha lilale. Baba yake, Rutayisire, alikwenda wapi? Mwalimu alikuwa na miaka sitini na miwili, na jina hilo lilikuwa halijamtoka mdomoni tangu akiwa na miaka kumi na miwili.

Siku mambo yalipoanza alikuwa sokoni kwa Raihana, fundi wake wa nguo, amesimama mikono kaitanua huku koti jipya likishikizwa pini mgongoni. Raihana alikuwa Muislamu, mjukuu wa mfanyabiashara aliyepanda kutoka pwani enzi za Wajerumani akaoa hapa hapa, na Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwao. Benon alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, mtoto wa wakimbizi. Kwa hiyo katika soko zima la watu wanaosema Kinyarwanda, hawa wawili walikuwa na lugha yao ya kubishania. Walikuwa wamebishana dini miaka kumi na miwili bila kununiana, na watu wengi hawawezi hilo hata kwa mlo mmoja.

Koti lilikuwa la gusaba, siku ambayo ukoo wa mwanamume huja rasmi kumposa binti. Ihirwe, binti pekee wa Benon, alikuwa anaposwa na kijana aitwaye Ganza, na zilikuwa zimebaki Jumamosi tatu. Katika sherehe hiyo kila ukoo huwa na msemaji wake. Baba wa binti hukaa kwenye kiti chake akanyamaza mwanzo hadi mwisho, hata karibuni hasemi, msemaji humsemea yote. Raihana aliona hicho ndicho kichekesho cha mwaka. Alisema angefunga cherehani yake siku hiyo aje ajionee Mwalimu amefumba mdomo saa tatu nzima, maana huyu hata jino likimuuma ndipo huongea zaidi.

Kisha, akiwa amepiga magoti kurekebisha upindo, akamtupia swali la siku. Alikuwa amesikia kwamba vile vitabu vinne vya Wakristo havipatani hata juu ya asubuhi ile ya kaburini. Kimoja kinasema malaika mmoja, kingine wawili. Kimoja kinataja wanawake watatu, kingine mmoja. Kwake yeye fundi, mteja akimwambia gauni lake lina vifungo vinne, na dada wa mteja aseme ni vitatu, basi mmoja wao hajaliona gauni.

Benon alicheka kwa furaha kabisa, kwa sababu hilo lilikuwa swali lake la kipenzi. Baada ya mauaji ya kimbari, zilipoundwa zile mahakama za gacaca za kukaa kwenye nyasi, majirani wakisikiliza majirani, yeye alikuwa amechaguliwa kuwa mwandishi wa baraza la mtaani kwao. Aliandika ushahidi wa watu miaka mitano. Akamsimulia Raihana habari ya wanaume watano waliokuja kumtetea mwenzao. Wote walisema siku ile ile, saa ile ile, na mbwa mweupe alibweka mara mbili. Alipofika wa nne na mbwa wake mweupe, mwenyekiti wa baraza aliweka kalamu chini akauliza ni nani aliyewafundisha. Ikaja kujulikana kwamba walikuwa wamekaa pamoja usiku mzima wakikariri, na mmoja wao wiki hiyo hakuwepo hata wilayani.

Halafu walikuja wajane watatu juu ya kesi nyingine. Mmoja alisema shati la muuaji lilikuwa jekundu, mwingine akasema la kijani. Mmoja alisema Jumanne, mwingine hakumbuki siku. Lakini mtu ni yule yule, mlango ni ule ule, na maneno aliyoyasema ni yale yale. Wakachimba pale walipoonyesha, wakaikuta mifupa.

"Waongo hupatana, dada yangu," Benon alisema. "Walioona kweli, kila mmoja alikuwa anaangalia upande wake."

Raihana aliuliza kama hao waandishi wanne wa Injili hawakunakiliana. Benon akasema kioo cha mashine yake ya fotokopi kina mkwaruzo upande wa kulia, na kila nakala inayotoka kwake anaijua hata ikiletwa na upepo. Ni kweli kuna mahali ambapo waandishi wawili au watatu wanatembea pamoja neno kwa neno, hilo hakulikana. Lakini kuna mahali ambapo kila mmoja ana chake, na vinashikana bila wenyewe kujua. Yohana anasimulia siku ya mikate iliyolisha watu elfu tano, anasema Yesu alimgeukia Filipo akamuuliza watanunua wapi chakula. Kwa nini Filipo, ambaye si mkubwa wala si mshika mfuko? Yohana hasemi. Nenda kwa Luka: hapo Filipo hamtaji, ila anasema mambo yale yalitokea upande wa Bethsaida. Rudi sasa kwa Yohana, huko mwanzoni: amepita tu akasema Filipo ni mwenyeji wa Bethsaida. Basi aliulizwa mwenyeji, anayejua wanakouza mikate. Mtunzi wa uongo angekueleza, maana hapendi jasho lake lipotee. Shahidi hukuangushia kitu njiani akaendelea na safari.

"Na wa kwanza kuliona kaburi tupu ni wanawake," akamalizia, "wakati ambapo ushahidi wa mwanamke haukuhesabiwa kitu. Ukitaka kutunga, utaanza na mwanaume mwenye heshima zake."

Raihana akasema sawa, atalifikiria, ila vifungo bado vinamsumbua. Ndipo Ihirwe akaja, katoka kazini, mkononi ana karatasi. Alimwamkia Raihana, akamwonyesha baba yake. Ilikuwa imetoka kwa Mzee Twizeyimana, ambaye ndiye atakayekuwa msemaji wao. Mzee alitaka majina ya ukoo, kwa sababu siku hiyo atasimama mbele ya wakwe awaambie wamefika kwa nani, mwana wa nani, mwana wa nani. Upande wa mama wa Ihirwe ulikuwa umejaa. Upande wa Benon palikuwa na jina lake, na juu yake mstari mtupu.

"Papa, hapa iko na pengo," Ihirwe alisema. "Mzee anasema hawezi kusimama na ukoo hauna kichwa."

Benon akamwambia aandike Mukankusi. Hilo lilikuwa jina la mama yake, aliyemlea peke yake Karagwe kwa jembe la kukodi. Ihirwe akasema Mzee Twizeyimana amekwisha kataa hilo, mtu haitwi kwa mama yake mbele ya wakwe, watu watadhani mengine. Benon akasema wadhani wanavyotaka, na asipotaka Mzee atatafutwa msemaji mwingine. Ihirwe hakubishana. Aliikunja karatasi, na macho yalikuwa yamejaa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye anaolewa mara moja tu, na angependa kuolewa akiwa mjukuu wa mtu. Kisha akaaga akaenda kupanda basi.

Ilibidi Benon aseme kitu, maana Raihana alikuwa amesikia yote. Akamweleza kwa kifupi, kwa ile sauti anayotumia mtu kusoma ripoti. Mwaka aliozaliwa nyumba zilichomwa, na watu wakakimbilia mto Akagera wavuke kwenda Tanganyika. Baba yake aliwafikisha mtoni, akawapandisha mtumbwi, yeye akarudi. Hakuonekana tena. Huko ukimbizini, Benon alipokuwa na miaka kumi na miwili, alipita mtu kutoka Uganda akasema Mbarara kuna mtu wa jina la baba yake, ana duka na mke na watoto. Watoto wenzake walimwimba wiki nzima. Basi Benon akachukua daftari, akawauliza waliokuwemo mtumbwini. Mama yake alisema baba alirudi kumfuata ng'ombe wa maziwa. Shangazi yake Annah alisema alirudi kumfuata mama yake mzazi, bibi yake Benon, aliyekuwa hawezi kutembea. Mwanamke wa tatu, Mukasine, binti wa jirani, alisema hakuona kitu. Watatu mtumbwi mmoja, maneno matatu. Benon akafunga daftari, na yeye na baba yake wakawa wamemalizana.

"Walikuwa wanamfichia," alisema. "Ukweli ungekuwa mmoja."

Raihana alinyanyuka pale alipokuwa amepiga magoti. Alitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye kitambaa cha mkononi, na Benon alijua kwamba fundi huyu akitoa pini zote ana la kusema.

"Mwalimu, sasa hivi umenihubiria hapa," alisema. "Malaika mmoja, malaika wawili, ukawasamehe. Mashati mekundu, mashati ya kijani, ukawasamehe. Watu usiowajua, wa miaka elfu mbili, umewaamini wakiwa hawapatani. Mama yako mzazi je? Wametofautiana juu ya ng'ombe na mama mkwe, ukawafunga wote kwa uongo. Mkuki kwa nguruwe, Mwalimu."

Benon alikasirika. Alisema kwamba hayo ni mambo tofauti, kwamba yeye Raihana hajui, kwamba nani amemuuliza. Akaondoka na koti mwilini, na alikuwa amevuka barabara kabla hajagundua kwamba pini kumi na nne zinamchoma mbavu. Kurudi kulivua hakukubali. Alilivaa hivyo hivyo mpaka Kagugu, amekaa wima kwenye basi kama bwana harusi.

Hasira yake ilidumu siku mbili. Siku ya tatu, Jumamosi mchana, mkewe akiwa kwenye kikao cha kina mama cha maandalizi, alivuta sanduku la chini ya kitanda akalitafuta daftari. Lilikuwepo. Jalada lilikuwa limeliwa na mende, lakini mwandiko wake wa utoto ulikuwa umesimama vizuri, maana hata wakati huo alikuwa na tabia ya karani. Alikaa mezani, akavaa miwani, akajiambia kwamba hawa ni watu asiowajua, wameletwa mbele ya baraza, na yeye kazi yake ni kusikiliza.

Wa kwanza, mama yake. *Alirudi kumfuata ng'ombe wetu Gaju, kwa sababu maziwa yangu yalikuwa yamekauka kwa hofu na wewe ulikuwa unalia njaa. Mvua ilikuwa kubwa. Mtumbwi ulikuwa unavuja, nikawa nachota maji kwa kofia ya baba yako mpaka mikono ikafa ganzi.*

Wa pili, shangazi Annah. *Alirudi kumchukua mama. Mimi nilimwona akipanda mlima, mvua inampiga kichwani, nikashangaa, maana ndugu yangu alikuwa haendi hata msalani bila kofia.*

Benon alisoma mara moja, akapita. Kisha akarudi. Akaweka kidole cha mkono huu kwenye kofia ya kwanza, na cha mkono ule kwenye kofia ya pili.

Alikuwa ameyaandika mwenyewe miaka hamsini iliyopita, na hakuwahi kuyasoma pamoja. Annah alimwona kaka yake kichwa wazi, asijue kwa nini. Mama alikuwa na kofia mkononi, wala hakufikiri kwamba hilo ni jambo la kueleza. Hakuna aliyemtajia mwenzake. Kama wangekuwa wamekaa wakapanga, wangeanza kwa kupatana juu ya ng'ombe, wasingehangaika na kofia. Mtu anayewatoroka watu wake kwenye mvua ile anaondoka na kofia yake. Huyu alikuwa amewaachia wachotee maji, na aliwaachia kwa sababu alijua mtumbwi unavuja na alitaka wasizame wakimsubiri.

Mganga hajigangi. Miaka yote hiyo amefundisha watu habari za Filipo na Bethsaida, na Bethsaida yake ilikuwa chini ya kitanda inaliwa na mende.

Lakini bado, mbona hakurudi? Aligeuza ukurasa. *Mukasine: hakuona kitu.* Mtoto wa miaka kumi na miwili aliliacha hilo kama lilivyo. Mwandishi wa gacaca hakuweza. Alikuwa amesikia neno hilo mara nyingi mno kwenye nyasi zile, na alijua kwamba mtu aliyekuwa ndani ya mtumbwi hawezi kuwa hakuona kitu. Anayesema hivyo ameona kitu kimoja tu, kikubwa.

Mama yake alikuwa amekufa. Shangazi Annah alikuwa amezikwa Karagwe. Mukasine alikuwa hai, Masaka, kwa mjukuu wake.

Alikwenda Jumatatu kwa pikipiki ya abiria, amekumbatia mfuko wa sukari na mikate. Masaka siku hizi ni nyumba mpya zenye mabati ya rangi, na katikati yake vijishamba vya watu waliokataa kuuza. Mukasine alikuwa kwenye kimoja cha hivyo, ameketi juu ya gunia anachambua maharage. Alikuwa bibi wa miaka sabini na minane, mwembamba, macho makali. Walisalimiana kwa kukumbatiana kirefu kama inavyopasa, akauliza habari za watoto, akapewa za Ihirwe, akafurahi. Benon alimwita mama. Wakala mkate. Ndipo Benon akatoa daftari, akaliweka juu ya goti, na mkono wa bibi ukaacha kuchambua.

"Ulikuwa nalo siku ile," alisema kwa Kinyarwanda chake cha zamani. "Ulikuwa mdogo, kalamu imekuzidi. Nikakukimbia."

Benon akasema hakuja kumlaumu mtu. Anataka tu kujua kama baba yake aliwaacha. Bibi alitazama barabara. Alipoanza kusema alisema polepole, na hakusita.

Alisema Rutayisire aliwapandisha mtumbwini akawaambia wamngoje kwenye mafunjo, asiende mtu. Walisogea mle, mtumbwi umefichwa na majani, mvua inanyesha. Walingoja sana. Kule mlimani kukawa na filimbi za watu wanaowasaka. Ndipo wakasikia mtu ameshuka ukingoni. Hawakumwona vizuri kwa mvua, lakini sauti waliijua wote.

"Aliita, *Muri he?*" Mukasine alisema. "Mko wapi? Mara ya kwanza mwenye mtumbwi alichukua upondo, akataka kurudi. Mimi nikaushika. Mimi, Benon. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilitaka kuishi. Akaita mara ya pili. Wewe ukafungua kinywa ulie, mama yako akakuziba kwa kiganja. Hakuna aliyeitika. Tulikuwa hatua thelathini. Mara ya tatu hakumaliza."

Mkono wa Benon ulikuwa umebaki juu ya daftari. Aliuliza mbona mama yake hakumwambia hata siku moja, hata habari za yule wa Mbarara zilipokuja, hata watoto walipomwimba.

"Tulikula kiapo usiku ule, wanawake watatu. Mama yako alisema, afadhali mtoto amchukie aliye mbali kuliko ajichukie mwenyewe. Aliogopa ukijua kwamba baba yako alirudi, utauliza mbona hamkuitika. Na jibu lilikuwa kinywa chako."

Mwalimu Benon alilia, na sitasema alifuta chozi, kwa sababu alilia kwa kelele, mzee mzima na tai yake, mpaka mjukuu wa Mukasine akachungulia dirishani. Alimlilia baba yake kwanza. Halafu alimlilia mama yake, aliyekaa miaka arobaini na mtoto anayemdhania mwongo, akanyamaza, wala hakujitetea kwa neno moja.

Alipotulia, ukarani ukamrudia. Aliuliza kama baba yake alipokuja ukingoni alikuwa na ng'ombe au alikuwa amembeba mama yake.

"Sijui," Mukasine alisema. "Mvua ilikuwa nzito. Niliona mtu."

Benon akaandika: *Hajui.* Na hapo ndipo alipomwamini kabisa. Mtu anayetunga angempa ng'ombe au bibi, au vyote viwili, amfurahishe. Na asingejiweka yeye kwenye ule upondo. Darasani alikuwa akiwauliza wanafunzi wake kwa nini vitabu vyote vinne vinamwonyesha Petro akimkana bwana wake mbele ya kijakazi, Petro aliyekuja kuwa mkubwa wao. Mtu hajipaki matope bure, alikuwa akisema, na wanafunzi waliandika. Alikuwa hajawahi kumwona mtu akijipaka matope hayo mbele yake, maharage yamemwagika miguuni.

Aliyaokota yale maharage yote. Kisha akamwambia Mukasine kwamba Jumamosi ya gusaba gari litakuja kumchukua, na atakaa mbele, kwenye viti vya ukoo. Bibi akasema hafai kukaa hapo. Benon akamwambia kwamba yeye ndiye shahidi wa mwisho, na baraza haliwezi kukaa bila shahidi.

Koti alilirudisha kwa Raihana, pini zote kumi na nne zikiwemo, akamsimulia. Raihana alisikiliza bila kushona. Mwisho akasema Mungu amrehemu Rutayisire, na amrehemu mama yake Benon zaidi. Akapiga mshono mmoja, halafu akaongeza kwamba vile vitabu vinne bado watavizungumza, asidhani ameponea hapo.

Siku ya sherehe turubai lilijaa. Mke wa Benon na kina mama wamevaa mishanana, nguo za sherehe za kufunga begani, wanaume suti, na Benon ameketi kwenye kiti chake, koti limemkaa sawasawa. Upande wa wanawake wa ukoo, mstari wa mbele, alikaa Mukasine amejifunika kitenge, anatazama chini. Raihana alikuwa nyuma kidogo, na kila akimwangalia Mwalimu aliweka kidole mdomoni kumkumbusha anyamaze. Na kweli alikuwa amenyamaza. Wakwe walifika, wakakaribishwa, utani wa wasemaji ukaanza, saa moja ikapita na Benon hajasema hata neno.

Kisha msemaji wa kina Ganza aliuliza, kama desturi ilivyo, wamefika kwa nani. Mzee Twizeyimana akasimama na fimbo yake. Karatasi alikuwa nayo mfukoni lakini hakuitoa. Akasema wamefika kwa Benon. Akainua fimbo kwa mbwembwe zake, akapaza sauti ikatoka nje ya turubai.

"Wa Rutayisire!"

Jina lile lilikwenda mpaka ukuta wa ua likarudi. Benon alisimama. Hakuwa amepanga, miguu ndiyo iliyopanga. Ihirwe, aliyekuwa bado ndani akingoja kuitwa, alisogeza pazia. Mzee Twizeyimana aligeuka na macho ya onyo, kwa sababu baba wa binti akisema neno sherehe inaingia doa, na kila mtu alilijua hilo, Benon kuliko wote.

"*Turi hano*," Benon alisema. Tuko hapa.

Hakuna aliyecheka. Upande wa wakwe walitazamana wakijiuliza kama hiyo ni desturi ya watu wa Karagwe. Halafu kule mbele, kwenye mstari wa wanawake, bibi mmoja alijishika kwenye bega la mwenzake akainuka, kitenge kikamwanguka, na sauti yake ilikuwa nyembamba lakini wote walioketi waliisikia.

"*Turi hano*, Rutayisire," Mukasine alisema. "Tulikusikia."